Maswali ya Wasomaji: Jumapili za Baridi na Baba Asiyeshukuriwa

Barua nne tulizozichagua mwezi huu zinahusu shairi moja la Mmarekani Robert Hayden, “Those Winter Sundays”, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita “Jumapili Zile za Baridi”. Kwa msomaji asiyelijua, maudhui yake ni haya. Mtu mzima anakumbuka utoto wake. Anasema kwamba Jumapili pia baba yake aliamka mapema, akavaa nguo katika baridi nyeusi yenye ubuluu, kisha kwa mikono iliyopasuka na kuuma kutokana na kazi za siku za juma, akauchochea moto uliokuwa umefukiwa jivuni mpaka ukawaka. Hakuna aliyewahi kumshukuru. Mtoto aliamka akaisikia baridi ikipasuka na kuvunjika. Vyumba vilipopata joto baba alimwita, naye akainuka polepole na kuvaa, huku akiziogopa hasira sugu za nyumba ile, akazungumza bila kujali na mtu ambaye alikuwa ameifukuza baridi na kumng’arishia pia viatu vyake vizuri. Shairi linaishia kwa swali: nilijua nini, nilijua nini mimi kuhusu huduma za upendo, zilizo kavu na za upweke?

*Mwalimu, shikamoo. Kikundi chetu cha usomaji kimegawanyika pande mbili. Baadhi ya wenzangu wanasema kwamba baba wa shairi hili ni mzazi mwema anayejinyima, na kwamba mtoto ni mkosefu wa fadhila. Asante ya punda ni mateke. Wengine, nami nikiwamo, tunaona kwamba mtoto anayeamka kwa hofu nyumbani kwao hana sababu ya kujilaumu ukubwani. Upande upi una haki?*
Msomaji, Morogoro

Marahaba. Kila upande umeshika ushahidi wa kweli, ila kila upande umesoma nusu ya sentensi. Shairi hili lina sentensi tano tu, na ubishi wenu wote umo ndani ya ile ya nne, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote. Ndani yake vyumba vinapata joto, baba anaita, mtoto anainuka polepole, hofu inatajwa, ukavu wa maneno unatajwa, na mwishoni kabisa vinatajwa viatu. Mshairi angeweza kuweka nukta baada ya hofu, akaanza sentensi mpya kuhusu wema wa baba, na hapo tungekuwa na mambo mawili yanayopimwa kwenye mizani. Hakufanya hivyo. Ubeti wa pili unakatika palepale penye hofu, lakini sentensi inavuka pengo la ubeti na kuendelea mpaka kwenye viatu, kwa hiyo anayetaka kuchukua viatu hana budi kuichukua na hofu, na anayeshika hofu atakuta viatu vimefungwa nayo.

Tazameni pia mpangilio wa wakati ndani ya sentensi hiyo. Kuifukuza baridi ndilo jambo lililotangulia kutokea asubuhi ile, kabla mtoto hajatoka kitandani, na viatu navyo vilikuwa tayari. Hata hivyo mambo hayo mawili yanakuja mwisho katika usimulizi, baada ya hofu na baada ya ule ukavu wa maneno, kwa kitenzi kinachoonyesha kwamba yalikuwa yameshatendeka. Mtoto alikutana na hofu kwanza na kazi ya baba baadaye, pengine miaka mingi baadaye, ingawa saa ya ukutani ingesema kinyume. Kwa maoni yangu mpangilio huu ndio maana yenyewe ya shairi.

Sasa nirudi kwa wenzako wanaomwita mtoto mkosefu wa fadhila. Nadhani wao wamekosea zaidi kidogo, kwa sababu shtaka hilo msemaji ameshajishtaki mwenyewe, na msomaji anayejiunga kumshtaki haongezi chochote. Tena wameisahau sentensi ya pili, iliyo fupi kuliko zote, inayosema kwamba hakuna aliyewahi kumshukuru baba. Haisemi “sikumshukuru”. Inasema hakuna mtu, na hiyo ina maana kwamba nyumba nzima ilipita mbele ya moto ule ikaota bila neno. Mtoto katika nyumba ya namna hiyo angejifunzia wapi kushukuru?

Upande wako nao una la kurekebisha. Unasema mtoto alimwogopa baba, na shairi halisemi hivyo. Hasira zinazotajwa ni za nyumba, na kivumishi kilichotumika ni kile kinachotumiwa kwa maradhi yasiyopona. Huenda hasira hizo zilikuwa za baba, huenda zilikuwa za mama, huenda wote wawili walikuwa wakigombana usiku na watoto wakisikiliza ukutani. Hayden alikuwa na nafasi ya kuandika “hasira za baba yangu”, wala maneno hayo yasingemharibia mdundo, akaandika nyumba. Msomaji anayemwona baba akiinua mkanda ameongeza kitu ambacho hakimo, na msomaji anayeona nyumba tulivu yenye moto mzuri amekifuta kitu kilichomo.

Jambo moja la pembeni ambalo watu hulipita haraka: moto uliofukiwa. Wasomaji waliolelewa kwenye jiko la mafiga wanajua kwamba kaa la moto likifukiwa jivuni usiku hukosa hewa ya kutosha, likaungua taratibu bila kuzimika, na alfajiri mtu akilifukua, akalipulizia na kuliongezea kuni, moto huwaka bila kiberiti. Katika miji ya kaskazini ya Marekani kazi hiyohiyo ilifanywa kwenye majiko makubwa ya kupasha nyumba joto. Shairi halisemi ni nani aliyeufukia moto usiku wa Jumamosi, lakini mimi sina shaka kwamba ni yuleyule aliyeufukua, na kwa hiyo alikuwa wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka. Ongeza hapo neno “pia” linaloifuata Jumapili mwanzoni kabisa mwa shairi. Kwa neno hilo dogo siku sita nyingine za juma zinaingia katika shairi bila kusimuliwa, pamoja na mikono iliyopasuka katika siku hizo.

*Mwalimu, salamu kutoka Tanga. Nimesoma kwamba Hayden hakulelewa na baba yake mzazi, bali na watu wengine. Ikiwa ni kweli, je, tafsiri ya shairi haibadiliki? Nahisi kama mtoto wa kulelewa anamshukuru mfadhili, si mzazi.*
Msomaji, Tanga

Ni kweli. Alizaliwa Detroit mwaka 1913 kwa jina la Asa Bundy Sheffey, na wazazi wake walikuwa wametengana. Akiwa bado mdogo sana alichukuliwa na majirani, William na Sue Ellen Hayden, wakamlea katika mtaa maskini wa Waamerika Weusi ulioitwa Paradise Valley na kumpa jina tunalomjua nalo. William alikuwa mtu wa vibarua na Mbaptisti mwenye msimamo mkali. Mama mzazi hakutoweka kabisa katika maisha ya mtoto, na mvutano kati ya pande hizo mbili ulikuwa sehemu ya malezi yake. Akiwa mtu mzima Hayden aligundua kwamba taratibu za kisheria za kumfanya mtoto wa William na Sue Ellen hazikuwahi kukamilishwa.

Habari hizo zinatusaidia mahali pamoja, nako ni kwenye hasira za nyumba, kwa sababu zinaonyesha jinsi nyumba inavyoweza kuwa na ugomvi ambao si mali ya mtu mmoja. Zaidi ya hapo ningekushauri ujihadhari. Katika mstari wa kwanza msemaji anasema “baba yangu”, bila kuongeza mlezi, bila kuongeza wa kambo, na hilo si jambo la kupitiwa. Mtu aliyekuja kujua kwamba hata karatasi za kuasiliwa kwake hazikuwapo, anapomwita aliyemlea “baba yangu” pasipo maelezo, ameshatoa hukumu yake kuhusu nani ni baba, na sisi hatuna mamlaka ya kuitengua kwa kutumia wasifu wake. Tena, fikra kwamba mfadhili hushukuriwa na mzazi hashukuriwi, kwa kuwa mzazi anatimiza wajibu tu, ndiyo hasa fikra ambayo shairi linaihoji katika mstari wake wa mwisho.

Kwa kuwa umegusa maisha yake, niongeze jambo litakalowapendeza wasomaji wa bara letu. Shairi hili lilitoka katika kitabu chake *A Ballad of Remembrance* cha mwaka 1962, na mwaka 1966 kitabu hicho kilipata tuzo kuu ya ushairi katika Tamasha la Kwanza la Dunia la Sanaa za Watu Weusi lililofanyika Dakar, Senegal. Mwaka huohuo, katika mkutano wa waandishi huko Fisk, chuo cha Nashville alichofundisha kwa miaka mingi, vijana walimshambulia kwa kukataa kwake kuitwa kwanza mshairi mweusi na kushikilia kwamba yeye ni mshairi. Shairi la baba halitaji rangi ya mtu wala mtaa. Mimi naona kwamba umaskini wa Detroit umo humo wote, lakini umo katika mikono iliyopasuka na katika viatu “vizuri”, yaani ile jozi moja ya kwenda nayo kanisani, ambayo ilipaswa kupigwa kiwi usiku au alfajiri ili isionekane kwamba ni jozi moja.

*Mwalimu, shikamoo. Baba yetu alitulipia karo mpaka chuo, na alitupiga mpaka tulipoondoka nyumbani. Yu hai, ni mzee, na ndugu zangu wananiambia nimwendee nikamwombe radhi kwa miaka niliyonyamaza. Mjomba wangu husema mchelea mwana kulia hulia yeye. Binamu yangu alinitumia shairi hili, nikalisoma nikalia, kisha nikakasirika, kwa kuwa nilihisi linaniamrisha nimsamehe. Je, ndivyo linavyosema?*
Dada msomaji, Nairobi

Marahaba, dada. Sivyo linavyosema, na nitakueleza kwa nini ninalisema hili bila kusitasita.

Neno la kusamehe halimo katika shairi, wala la kuomba msamaha, wala la kupatana. Baba hazungumzi humo. Anaita tu, na hata alichokisema alipoita hatukiambiwi. Hatujui kama yu hai wakati msemaji anapokumbuka, kwa maana mambo yote yako katika wakati uliopita. Swali la mwisho ni swali la ujuzi, si la radhi: nilijua nini? Linarudiwa mara mbili, kwa namna mtu anavyojisemea akiwa peke yake, na halijibiwi. Mtu anaweza kukiri kwamba hakujua jambo fulani kuhusu mzazi wake, na kukiri huko kusifute jambo jingine analolijua vizuri sana.

Nadhani ninajua amri uliyoisikia ilitoka wapi. Sisi tumelelewa na ushairi ambamo mzazi ndiye anayesema. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi unaowekwa takriban mwaka 1858, anamwita binti yake akae karibu na achukue wino na karatasi, apokee wasia. Radhi za Mungu, za Mtume, za wazazi na za mume zinahesabiwa moja moja. Shaaban Robert alimtungia binti yake *Utenzi wa Hati* na mwanawe wa kiume *Utenzi wa Adili*, na katika zote mbili sauti ni ya baba na sikio ni la mtoto. Ninazipenda tenzi hizo na sizitaji ili kuzipunguza. Lakini msomaji aliyezizoea akikutana na shairi lenye baba na mtoto hutega sikio kusubiri wasia, na wasia usipokuwapo huuweka yeye mwenyewe: “mheshimu baba yako”. Katika shairi la Hayden kiti kimebadilishwa mwenyewe. Mtoto ndiye shahidi, baba ndiye anayetolewa ushahidi, na ushahidi huo una mikono iliyouma na una hasira, bila hakimu kuitwa.

Mstari wa mwisho unahitaji kusomwa taratibu hapa, kwa sababu neno la mwisho la Kiingereza, ambalo nimelifasiri “huduma”, lina maana ya kazi anayopaswa kuifanya mtu aliyekabidhiwa wajibu, na kanisani lina maana ya sala zinazosaliwa kwa saa maalumu, watu wawepo wasiwepo. Kwa hiyo upendo unaotajwa mwishoni si mahaba ya kukumbatiana, wala si maneno matamu. Ni kazi iliyofanywa saa ileile kila siku na mtu ambaye huenda hakujua kusema neno jema hata moja. Hayden anauita upendo, lakini anaupa sifa mbili ambazo hakuna anayezitamani kwa mtoto wake: ukavu na upweke. Hausifu kupita kiasi. Anayelisoma shairi hili kama sifa kwa akina baba wakali ameruka sifa hizo mbili.

Karo na fimbo vilitoka katika mkono mmoja, dada, na shairi linakuruhusu kuviweka katika sentensi moja bila kulazimika kuanza sentensi kwa “lakini” inayofuta kimojawapo. Usilipunguze jambo lako ili lienee ndani ya shairi, kwa kuwa baba wa shairi hajasemwa kwamba alimpiga mtu, na wako alikupiga. Habari ya kwenda kumwona au kutokwenda ni yako na yake. Hata mjomba, kwa heshima zote anazostahili, amekuletea methali inayozungumzia malezi ya mtoto mdogo, ilhali wewe unauliza habari ya mtu mzima na mzee wake. Ukienda, nenda kwa sababu zako. Ukitaka kuandika, kaa uandike kwa mpangilio ule aliouonyesha Hayden, yaani hofu uitaje mahali ilipokuwa, na kazi ya baba uitaje mahali ulipokuja kuijua, hata kama ni leo.

*Mwalimu, mimi hufundisha fasihi sekondari Unguja. Wanafunzi wangu waliozoea vina na mizani wanauliza hili ni shairi kwa kigezo gani, kwa kuwa mistari haifanani urefu na hakuna kina. Niwajibu vipi, na nilifundisheje kwa kipindi kimoja?*
Mwalimu mwenzangu, Unguja

Waanzie kwenye hesabu. Mistari ni 14, idadi ya soneti, umbo ambalo Wazungu kwa karne nyingi walilitumia kuandikia mapenzi. Hayden amechukua idadi hiyo akaacha vina, akaigawa katika beti za mistari mitano, minne na mitano. Mwanafunzi atakayesema kwamba hili ni shairi la mapenzi lililokataa kuimba kama mashairi ya mapenzi atakuwa amesema jambo zuri, na mpe alama zake.

Kisha waache Kiingereza chake wakisikilize kabla ya kukieleza. Mmoja asome kwa sauti, wengine wakiwa wamefunga vitabu, na uwaambie wainue kidole kila wanaposikia sauti ya “k”. Vidole vitainuka mfululizo katika ubeti wa kwanza, kwenye maneno ya baridi nyeusi, ya mikono kupasuka na kuuma, ya moto kufukiwa, mpaka kwenye lile la kushukuru. Vitainuka tena katika ubeti wa pili kwenye kuamka, kuvunjika, kuita na zile hasira sugu. Katika ubeti wa tatu vitainuka kwenye neno la kuzungumza na kwenye neno la baridi, pale inaposemwa kwamba ilikuwa imefukuzwa. Baada ya hapo sauti hiyo haisikiki tena hadi mwisho wa shairi. Mshairi ameiondoa baridi masikioni mwa msomaji mahali palepale baba alipoiondoa nyumbani, na zinazobaki ni sauti laini za viatu na za lile swali. Wanafunzi waliozoea kusikiliza vina watalishika jambo hili upesi kuliko wale wanaosoma kwa macho tu, kwa hiyo mazoea yao ya vina na mizani ni mtaji, si kikwazo.

Uchambuzi wa wahusika uache dakika za mwisho, na usiwaulize kama baba ni mwema au mkatili, maana watagawanyika kama kikundi cha Morogoro na kengele italia. Waulize ni nani alisikia nini katika nyumba ile, na kwa mpangilio gani. Mtoto amelala chumbani na anachokisikia kwanza ni baridi ikivunjika. Hakusema kwamba alimsikia baba. Wakiliona hilo wenyewe, waambie waandike aya moja kuhusu kazi inayofanywa nyumbani kwao kabla hawajaamka, na ni nani anayeifanya. Aya hizo usizisome darasani bila ruhusa yao, kwa sababu katika darasa la watoto 50 hutakosa mmoja aliyeandika kuhusu hasira.